Dogo kaanguka mnazi, sasa anakojolea tumboni na tumeambiwa tungoje miezi mitatu, hii ni sawa kweli?

Mtoto_wa_MsangaMkuu

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mi ndo mkubwa, natazamwa mi.

Mdogo wangu ana miaka 24, kazi yake kukwea, ndo maisha yake toka amalize la saba. Wiki tatu zilizopita alikuwa anaangua nazi huku kwetu Msanga Mkuu, usiku wake mvua ilinyesha mnazi ukawa unateleza, akashuka nao mpaka kama nusu hivi akaachia, akatua kwa makalio juu ya kisiki. Hakuzimia, anaongea vizuri tu, ila kusimama hawezi na anasema nyonga kama inafunguka mlango. Tukambeba kwa kitanda cha kamba mpaka kivukoni tukavuka mjini.

Sasa kilichotutisha ni bukta, ina damu kwa mbele. Kidonda hakuna, damu inatoka kwenye tundu lenyewe la mkojo, tone, tone. Na mkojo umembana anautaka ila hautoki hata kidogo. Pale tulipofikia mwanzo (sipataji) aliyetupokea akasema huyu kabanwa tumuwekee mpira wa kutolea mkojo. Akaingiza ukagoma. Akachukua mwembamba zaidi nao ukagoma na damu ikazidi, dogo analia mpaka wagonjwa wengine wakawa wanageuka kutuangalia. Ndo wakaandika rufaa.

Kule tulikopelekwa daktari akauliza mpira ulijaribiwa mara ngapi, tukasema mara mbili, akanyamaza akatikisa kichwa. Eksirei ikaonyesha nyonga imevunjika sehemu mbili kwa mbele. Halafu wakamsukumia dawa kwa kule mbele kwenye uume huku wanapiga picha, tukaonyeshwa, dawa inapanda vizuri ikifika mahali inamwagikia pembeni, kibofuni haifiki. Akasema njia imekatika. Basi dogo akatobolewa chini ya kitovu akawekewa mpira unaotoa mkojo moja kwa moja kwenye mfuko, akalala kitandani siku kumi na sita, tukaruhusiwa na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu.

Hapo ndo shida. Mama anasema hao wamekata tamaa, mtu gani anaachwa na tundu tumboni miezi mitatu. Babu mdogo anataka tukamuone mtu Tandahimba anayefungua mikojo. Shemeji wa Dar anasema mleteni haraka afanyiwe operesheni wiki hii hii. Mi nataka kujua, huko kungoja ndo matibabu au tumetelekezwa? Na yule aliyeng'ang'ania mpira ndo kamkata dogo? Na jingine naona aibu kuuliza ila nauliza, huyu ana mchumba, posa imeshaenda. Ataweza?

---

Chuma_Chakavu

Pole sana kaka. Minazi ya upande huo mi niliwahi kuitazama tu kutoka kivukoni nikasikia kizunguzungu. Tusubiri wataalamu waje.

---

Tabibu_Wa_Zamu

Mkuu pole na hongera kwa kuandika vizuri hivyo, kuna wagonjwa wanakuja na barua ya rufaa haina nusu ya uliyoyasema hapa. Mi ni tabibu, nimezunguka wodi za upasuaji huku Lindi miaka mingi, bingwa wa mkojo siyo mimi ila wagonjwa wa aina ya dogo nimewalaza wengi, wa minazi, wa mikorosho, na sa hivi wengi kuliko wote ni wa bodaboda.

Naanza na la mama. Mwambie mama hawajakata tamaa. Ule mpira wa tumboni ndo matibabu yenyewe ya hatua ya kwanza, na kwa maelezo yako alifanyiwa kitu sahihi kabisa.

Iko hivi. Njia ya mkojo ya mwanaume ni ndefu, kama sentimita 20, ya mwanamke ni kama 4 tu na ndo maana wanawake ajali hii huwapata mara chache. Ya mwanaume inatoka kwenye kibofu, inapita katikati ya tezi dume, inapenya kwenye sakafu ya nyonga kule ndani ya msamba (pale kati ya korodani na njia ya haja kubwa), ndo inaingia kwenye uume. Pale inapopenya imeshikwa na nyuzi ngumu kwenye mifupa ya mbele ya nyonga. Chukulia bomba la maji lililopigiliwa ukutani halafu ukuta ukahama. Bomba litafanyaje? Nyonga ikivunjika mbele na kusogea, kibofu na tezi vinavutwa juu, kipande cha chini kinabaki, katikati panachanika. Wakati mwingine panachanika nusu, wakati mwingine panaachana kabisa na damu inajaa katikati.

Kwa hiyo aliyemkata dogo ni mnazi. Lakini sitamtetea sana yule wa mpira. Mtu kaanguka, nyonga inauma, damu iko kwenye tundu la mkojo, mkojo hautoki na kibofu kimejaa, hapo mpira unaachwa pembeni, kwanza inapigwa picha ya dawa kama mliyopigiwa baadaye. Sababu ni kwamba kama njia imechanika nusu, mpira ukisukumwa unaweza kumalizia ile nusu iliyobaki, au unatoka nje ya njia unaingia kwenye lile bonge la damu na kulipelekea vijidudu. Wapo mabingwa wanaokubali mtu mzoefu ajaribu mara moja, taratibu, ukigoma anaacha. Mara moja. Kubadilisha mpira na kurudia tena na tena haipo. Kama kwa dogo ilileta madhara au la hakuna atakayejua, hivyo usipoteze usingizi hapo.

Dalili nyingine tunayotafuta ni msamba kuvimba na kuvilia damu, unakuta pamekuwa pekundu au peusi kwa umbo la kipepeo. Na daktari anaingiza kidole njia ya haja kubwa, watu wanalalamika kudhalilishwa jamani, pale anatafuta kama tezi imeruka juu na kama utumbo nao umetoboka. Mfupa ukivunjika unakuwa na ncha.

Sasa miezi mitatu. Leo ukimfungua dogo unakuta bonge la damu na nyama zilizovimba, huoni kipi ni kipi, unamtoa damu nyingi, na ukipapasa papasa mle unaweza kukata mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume na msuli unaozuia mkojo. Ukingoja, damu ile mwili unainyonya, kibofu na tezi vinashuka vyenyewe kurudi karibu na mahali pake, mfupa unaunga, kovu linakomaa linakuwa na mpaka. Hapo bingwa anapiga picha mbili kwa pamoja, dawa moja inapitia tundu la tumboni nyingine kwa mbele, anapima pengo lina urefu gani, anapasua msambani, anakata kovu lote na kuunganisha ncha mbili nzima. Ikifanywa na mtu anayeijua, wengi wanapona moja kwa moja. Ikifanywa haraka na asiyeijua, anayemfuata anakuta kovu juu ya kovu. Zipo hospitali wanazojaribu siku za mwanzo kunyoosha njia kwa kamera wakapitisha mpira, hilo ni kwa wenye vifaa na hata hao wagonjwa wao wengi njia inasinyaa baadaye.

Shemeji wa Dar mwambieni atunze nguvu zake, atahitajika hiyo miezi mitatu ikiisha.

---

Mtoto_wa_MsangaMkuu

Daah tabibu Mungu akubariki, nimemsomea mama yote. Kasema "bomba lililopigiliwa ukutani" ameelewa, ila babu mdogo bado anakunja uso.

---

Dereva_Mstaafu_Masasi

Kaka mimi ndo huyo mdogo wako wa miaka ijayo, soma vizuri.

Nilikuwa naendesha boda Masasi, 2018 nikagongwa na fuso usiku natokea Ndanda. Nyonga ilipasuka, mkojo hautoki, damu kama ya dogo. Nikawekewa mpira wa tumboni. Mi ujinga wangu ni kwamba mwezi wa pili nilichoka, unatembea na mfuko, ukipanda gari watu wanakutazama, ukilala ukigeuka unajivuta, nikasikia kuna mtu kwenye kituo fulani anapanua. Nikaenda. Anaingiza vyuma vya kupanua, leo chuma chembamba, wiki ijayo kinene. Kila nikitoka mkojo unapita wiki mbili tatu halafu unaanza kupungua, unagawanyika mara mbili kama ulimi wa nyoka, halafu unadondoka tu, halafu kimya. Narudi tena. Mwaka na nusu nimefanya hivyo wakuu!!! Na kila mara nalipa.

Nilipokuja kuonana na bingwa akaniambia kila kupanuliwa kwa nguvu kunachana na kila kuchanika kunaleta kovu jipya, na njia iliyoachana kabisa huwezi kuipanua kwa sababu hakuna njia ya kupanua, unatengeneza tu pango la uongo. Alinipigia zile picha mbili akakuta pengo refu kuliko ambavyo lingekuwa mwanzo. Nikangoja tena miezi mitatu mingine bila kuguswa, na kwa bahati hiyo miezi ikaangukia kwenye korosho, nikapeleka mzigo ushirika nikasubiri malipo ya mnada, ndo nikapata nauli na za kujikimu. Nikaenda Moshi hospitali ya KCMC, kule wana kitengo cha mkojo cha siku nyingi. Operesheni ikachukua masaa mengi, nikaamka nina mpira wa mbele na ule wa tumboni, nikakaa nao wiki tatu, wakapiga picha kuona kama kuna mahali panavuja, hapavuji, wakautoa wa mbele.

Kaka siku ile nimekojoa nimesimama nilikaa chooni mpaka mke wangu akaja kugonga mlango akidhani nimeanguka.

Kwa hiyo huyo mtu wa Tandahimba mwacheni kabisa. Na mwenye vyuma akitokea mwacheni pia.

---

Nahodha_Kilwa

Mimi sina elimu ya haya mambo ila nimesoma nimeshtuka. Miaka mingi nyuma nikiwa kijana nilikuwa naruka kutoka dau kwenda ngalawa, mguu ukateleza nikakaa kwa kishindo juu ya ukingo wa ngalawa, mguu huku mguu huku. Wanaume mnaelewa. Damu ilitoka kidogo kwa mbele siku moja, msamba ukawa mweusi, nikapona nikasahau. Sasa nina miaka 58 mkojo unatoka kama uzi, nasukuma mpaka natoa jasho. Watu wananiambia ni tezi dume, umri wako huo. Inaweza kuwa ule ukingo?

---

Tabibu_Wa_Zamu

Mzee shikamoo. Inaweza kabisa. Kukalia kitu kigumu hivyo, ukingo wa ngalawa, mtaimbo wa baiskeli, tawi la mkorosho, ndo namna nyingine ya kuumia njia ya mkojo. Yenyewe haihitaji mfupa kuvunjika, njia inabanwa kati ya mbao na mfupa wa mbele inapondeka, na mara nyingi mtu anakojoa siku hiyo hiyo anaona amepona. Kovu linakuja polepole, linaweza kuchukua miaka kuonekana. Ukienda hospitali usiseme tu "mkojo haupiti", simulia na ile ngalawa, hata kama ni ya miaka mingi nyuma, maana wasipoijua watakupa dawa za tezi ukamalizia pakti na pakti bila nafuu. Tezi nayo wataipima, umri ni kweli unaruhusu yote mawili. Usikae mzee, mkojo unaobaki kibofuni unarudisha presha kwenye figo.

---

Mtoto_wa_MsangaMkuu

Tabibu hujanijibu lile la mwisho. Dogo ananiuliza kila jioni na mi nampa majibu ya kisiasa.

---

Tabibu_Wa_Zamu

Haha nililiruka makusudi nilitaka nikae nalijibu vizuri siyo kwa simu njiani.

Ukweli ni huu, baada ya nyonga kuvunjika na njia kukatika, wengi wanapata shida ya uume kusimama, hasa miezi ya mwanzo. Mishipa ya fahamu na ya damu inayoshughulika na hiyo kazi inapita palepale pembeni ya tezi na njia ya mkojo, kilichovuta njia kimevuta na hiyo. Lakini mishipa hiyo inaweza kujirudi taratibu, mabingwa wanaangalia mpaka miaka miwili kabla ya kusema hii ndo hali yako. Dawa za kusaidia zipo, aandikiwe na daktari, asikimbilie vidonge vya dukani wala mizizi. Akiamka asubuhi na kukuta mambo yako wima, hata nusu, ni dalili nzuri, mwambie aseme kliniki asione haya.

Kuhusu kuzaa, korodani zake zilipigwa? Kama hazikupigwa zinaendelea kutengeneza mbegu kama kawaida. Kinachohitajika ni njia ipite, na hiyo ndo inakwenda kutengenezwa. Posa isirudishwe wala isiharakishwe. Na mchumba aambiwe, wakifichana atasikia kisimani.

---

Uraka_Mweupe

Kwa kuwa tuko kwenye nyonga ngoja niwape ya shemeji yangu wa Newala mwaka juzi msimu wa mabibo. Alikuwa amekunywa uraka, pombe ya mabibo, tangu mchana, hakuwahi kwenda kukojoa, akapanda pikipiki nyuma wakaanguka, tumbo likapiga kwenye usukani. Hakuvunjika hata ukucha. Akalala, tukasema pombe. Asubuhi tumbo limejaa limekakamaa, hajakojoa tangu jana, anatapika. Kumbe kibofu kilipasuka, mkojo wote wa uraka umemwagikia ndani ya tumbo kwenye matumbo. Alipasuliwa siku hiyo hiyo wakashona kibofu. Daktari alisema kibofu kilichojaa kinapasuka kwa juu kama puto. Toka siku hiyo mi nikinywa nakojoa kwanza kabla ya kupanda chombo chochote, hata baiskeli.

---

Tabibu_Wa_Zamu

Umechekesha lakini hilo ni somo zima. Kibofu kinapasuka kwa namna mbili na matibabu yake ni tofauti kabisa. Kikipasukia juu upande wa matumbo kama cha shemeji yako lazima ashonwe, mkojo ukikaa mle unaleta maambukizi na sumu inarudi kwenye damu. Kikichanwa na mfupa wa nyonga kwa chini, upande usio na matumbo, wengi wanawekewa tu mpira mnene kama wiki mbili tatu kinajifunga chenyewe, isipokuwa kama mfupa umeingia ndani ya kibofu au kimechanika karibu na shingo yake. Kujua ni kipi, kinajazwa dawa kama mililita 300 na zaidi kinapigwa picha, kisha kinamwagwa kinapigwa tena maana tundu la nyuma huwa linajificha. Ukiweka dawa kidogo unaambiwa kizima kumbe kinavuja.

---

Muuguzi_Nachingwea

Nimekaa kimya muda ila naona manesi tunasemwa kwa hiyo naingia. Mi ni mkunga.

Kwanza mpira. Nakubali kuna wenzangu wanang'ang'ania, ila jamani usiku uko peke yako na wagonjwa arobaini, mtu analia kabanwa na mkojo, daktari yuko tiyeta. Haimaanishi ni sawa. Na kuna kosa jingine ambalo halihitaji mnazi wala boda, mpira umeingia nusu, mkojo haujatoka, mtu anajaza lile puto kwa maji ya mililita kumi, puto linavimbia ndani ya njia badala ya kibofuni. Hiyo nayo inachana. Mi wanafunzi wangu nawaambia hujaona mkojo hujajaza puto, nukta. Na ndugu mnaolinda wagonjwa, mzee aliyechanganyikiwa akianza kuvuta mpira mshikeni mkono mwite nesi, akiutoa na puto lake limejaa anatoka na damu ya kutosha.

La pili, mnaongelea wanaume tu. Wanawake sisi majeraha yetu ya huko mengi hayatoki kwenye ajali, yanatoka kwenye uzazi. Mama anaumwa uchungu siku mbili yuko kijijini, kichwa cha mtoto kimekandamiza kibofu kwenye mfupa, nyama inakosa damu inakufa. Anajifungua, mara nyingi mtoto keshafariki, siku chache baadaye ile nyama iliyokufa inadondoka na mkojo unaanza kutoka wenyewe usiku na mchana. Fistula. Tunayemuona mapema tunamwekea mpira akae nao wiki kadhaa, tundu dogo linaweza kujifunga. Mwenye tundu kubwa zaidi anasubiri, na nyie mnaoshangaa miezi mitatu ya dogo, huyu naye mara nyingi ni miezi mitatu ileile ili nyama itulie ishike uzi. Hospitali ya CCBRT Dar wanatibu fistula bure. Nimeshamsindikiza mmoja kutoka Liwale alikuwa amekaa na hiyo hali miaka tisa, mume keshaoa, yeye anaishi jikoni kwa mama yake anadhani amerogwa.

Na kuna hii inayofichwa fichwa, operesheni ya kutoa kizazi au ya uzazi yenye damu nyingi, mrija unaotoka figo kwenda kibofuni unapita karibu mno na mishipa ya kizazi, unaweza kufungwa na uzi au kukatwa bila aliyeshika kisu kuona. Mirija hiyo ikiumia, mara nyingi ni mezani pa operesheni kuliko barabarani. Mama anaamka vizuri, siku ya tatu, ya nne, homa, ubavu mmoja unauma, au maji yanatoka ukeni wanasema ni jasho la kidonda. Jasho gani linanuka mkojo? Mama akikwambia analowa, mwamini.

---

Chuma_Chakavu

Sister umenifumbua macho. Swali dogo, mpwa wangu jana kapigwa goti la kiuno kwenye mechi ya mpira hapa Ruangwa, leo mkojo una rangi ya chai ya rangi. Anatembea, anakula. Nimpe maji mengi?

---

Tabibu_Wa_Zamu

Mpe boda ya kwenda hospitali, sasa hivi siyo kesho. Hiyo ni figo mpaka ithibitike siyo. Usiogope sana, figo nyingi zilizopigwa bila kutobolewa zinapona bila kisu, analazwa kitandani, anapimwa presha na wingi wa damu mara kwa mara, mkojo wa kila awamu unawekwa kwenye chupa mnaangalia kama unazidi kung'aa. Akiwa na presha ya kushuka au damu nyingi atapigwa siti skani, ndo inayoonyesha figo imepasuka daraja gani, la kwanza mpaka la tano. Ila usipime ukubwa wa jeraha kwa wekundu wa mkojo. Kuna figo imeng'oka kwenye mrija wake na mkojo uko safi kabisa, na kuna mchubuko mdogo mkojo ni damu tupu. Na asicheze mpira mpaka aambiwe.

---

Chuma_Chakavu

Tumefika, wamemlaza. Asante sana.

---

Dereva_Mstaafu_Masasi

Nimesahau kumwambia jamaa wa Msanga Mkuu mambo ya kuishi na mpira ambayo mi hakuna aliyeniambia. Mfuko uwe chini ya kiuno muda wote, hata akilala, uning'inizwe kwenye mbao ya kitanda usigusane na sakafu. Usikae umejaa unavuta. Anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, mi niliogopa kunywa nikidhani nitaujaza, ukaziba kwa uchafu kama mchanga nikakimbizwa usiku. Mpira wenyewe unabadilishwa kila wiki nne mpaka sita, tarehe iandikwe ukutani. Ukichomoka usingoje asubuhi, lile tundu linaziba upesi unaanza kutobolewa upya. Homa na kutetemeka, twende hospitali. Kuoga anaoga, sabuni na maji, kidonda kikishapona, mi nilikaa wiki tatu najifuta na kitambaa kama maiti.

---

Tabibu_Wa_Zamu

Nimekosa la kuongeza hapo. Labda hili kwa watu wa minazi wote, mtu akianguka na nyonga inauma msimsimamishe "ajaribu kutembea". Chukueni khanga au shuka, mzungushieni pale kiungo cha paja kinapoanzia, siyo tumboni, kaza vizuri, mfunge na miguu pamoja, abebwe amenyooka. Nyonga iliyofunguka inamwaga damu ndani nyingi kuliko mnavyoona kwenye bukta. Na hapo Mtwara kabla ya kufikiria Dar au Moshi kaulizeni kwanza hospitali ya kanda ya kusini pale Mitengo kama wana kliniki ya mkojo au bingwa anayetembelea, mjue ratiba mapema. Picha zake zote za eksirei zitunzwe, bingwa atazitaka.

---

Mtoto_wa_MsangaMkuu

Wakuu sina cha kuwalipa. Leo tulikaa kikao, nimesoma hii kitu yote kwa sauti, dogo mwenyewe alikuwa anasikiliza amejifunika shuka usoni, ilipofika ile ya dereva kusimama chooni akacheka, mara ya kwanza toka aanguke. Babu mdogo kasema sawa tungoje, ila kama miezi mitatu ikipita bila kitu yeye na Tandahimba yake. Mama kaandika tarehe ya kubadilisha mpira kwa mkaa ukutani jikoni. Mchumba keshaambiwa, alikuja na baba yake, wakakaa, wakanywa chai, hawakusema wanarudisha wala wanaendelea, ila binti kabla hajaondoka aliuliza mfuko unamwagwaje akaonyeshwa.

Halafu dogo ananiuliza akishapona atarudi kukwea. Sijamjibu. Ngoja nikamwage mfuko naona umejaa.